Mvumo kwenye Redio ya Mabula

Jumatatu, 3 Juni

Nimezima inveta ya dukani kwangu, ile ya kuchajia simu za watu kwa betri, saa kumi na mbili jioni kama kawaida. Ikiwaka, redio haisikiki. Inavuma tu kama nyuki ndani ya mzinga. Waliochelewa kuchaji simu watarudi kesho. Nimevuta antena, nimepangusa vumbi, nimekaa. Kiti cha baba kitupu. Tena.

Yuko kwa jirani yangu Mabula. Namsikia anacheka kutoka huku. Tangu mama afariki nikamtoa baba Ntobeye kumleta hapa Lusahunga, sijawahi kumsikia anacheka hivyo uwanjani kwangu.

Nimeipata idhaa ya Kiswahili kutoka Ulaya, safi kabisa, kama mtangazaji yuko jikoni. Sikufurahi. Nimezima kabla habari hazijaisha.

Jumatano, 5 Juni

Mimi ndiye niliyemfundisha Mabula. Hilo ndilo linaloniuma.

Alihamia hapa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, tukapakana kwa ua wa minyaa. Hakuwa na habari na mawimbi mafupi ya redio. Mimi kuyasikiliza ndiyo starehe yangu tangu nimalize darasa la saba. Wengine wanakunywa, wengine mpira, mimi natafuta sauti za mbali. Siku nyingine hata lugha siielewi. Kiarabu, Kichina, sijui nini. Nasikiliza tu. Napenda kujua kwamba kuna mtu huko anaongea na mimi namsikia.

Nikamwonyesha Mabula. Akaenda mnadani akarudi na redio kubwa kuliko yangu. Akafunga waya mrefu kutoka kwenye paa lake hadi kwenye mti wangu wa mgrevilea pale mpakani. Aliniomba. Nikamwambia funga tu, jirani. Mjinga mimi.

Stesheni ninazozipata kwa shida, yeye anazipata kirahisi. Nina wivu. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 7 Juni

Nilienda kwake kuazima bomba la kupulizia dawa. Kisingizio. Nilitaka kuona.

Baba amekaa karibu kabisa na redio. Ile nobu ya kutafutia stesheni iko mkononi mwake. Anaizungusha mwenyewe, polepole, ulimi umetokeza kama mtoto anayejifunza kuandika. Ikatoka idhaa ya Kirundi. Sisi Wahangaza tunakisikia Kirundi kama cha nyumbani. Mabula hajui hata neno.

"Mzee, anasema nini huyo?"

"Ngoja amalize kwanza. Wewe Msukuma una haraka kama ndama."

Kisha baba anamweleza, na chumvi anaongeza. Mabula anapiga paja. "Kumbe! Endelea, mzee wangu, endelea." Wake zake wameacha sufuria, watoto wametega masikio. Baba kanyooka kama mwenyekiti wa kijiji.

Kwangu hajawahi kuishika ile nobu. Akisogeza mkono namwambia acha baba, utaipoteza. Akisema neno wakati wa habari namwambia subiri kidogo. Na kwangu nani amwulize maana ya Kirundi? Mimi nakielewa.

Yote haya niliyajua pale pale niliposimama na bomba mgongoni. Ningeona aibu ingekuwa afadhali. Niliona hasira. Mzee wangu! Mzee wake tangu lini?

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu, Mama Edina, kanicheka mchana kutwa. "Una wivu kama mke mwenza. Kwani Mabula amemwoa baba yako?" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Nikasukuma sahani.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza inveta.

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya.

Mchana nilihamishia betri na inveta kwenye banda la kuku. Banda liko chini ya mgrevilea, na waya wa Mabula unapita juu yake. Nikakaa humo nikachungulia. Baba alipopita kwenye upenyo wa minyaa, nikahesabu kidogo, nikawasha.

Kwa Mabula kulikuwa na muziki. Ukafa. Ukaja mvumo.

"Aa! Ledio imepatwa na nini?" Mabula anaiita ledio. "Mzee, hebu zungusha. Zungusha tena."

Nilifurahi. Naandika ukweli wangu hapa, nilifurahi. Yangu pia haikusikika, kwa hiyo sikusikiliza chochote. Nilikaa kwenye harufu ya kuku, mtu mzima na mvi zangu.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi Mabula kaja. Redio kaifunga kwa khanga ya mke wake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kaja kwangu, maana mimi ndiye mjuzi.

Tukaiwasha juu ya meza yangu. Nzima. Inaimba.

"Jana jioni ilikuwa inanguruma kama lori la Rusumo kwenye mlima," akasema. "Sasa inaniaibisha mbele yako."

Ningeweza kucheka na kumwambia. Ilikuwa rahisi wakati ule. Nikamwambia labda kuna kitu kimelegea ndani, ampelekee fundi kule barabarani. Nilisema nikimwangalia usoni.

"Asante, mwalimu wangu."

Mwalimu.

Jumamosi, 15 Juni

Fundi kasema redio haina ugonjwa. Mabula kairudisha. Asubuhi inaimba, mchana inaimba, watoto wake wanaichezea na inaimba. Jioni baba akivuka ua, naenda bandani. Nimefanya hivyo kila jioni wiki hii.

Leo baba katoka kwa Mabula mapema. Kiti chake nilikuwa nimekiweka tayari, nimekiwekea na ngozi. Nikakimbia kuzima inveta, nikarudi nikiwa nahema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Njoo basi. Kirundi kinaanza sasa hivi."

"Sikiliza wewe."

Akaingia kwenye kijumba chake akafunga mlango. Bado kulikuwa na mwanga.

Nilidhani akitoka kule atarudi kwangu. Sikufikiria kwamba kuna sehemu ya tatu.

Jumatatu, 17 Juni

Sasa najua nilichofanya. Kanieleza Mama Edina, na yeye kaelezwa na wake wa Mabula kisimani. Sababu ya mvumo yeye hajui.

Kule kwa Mabula wamejaribu kila kitu. Kwa fundi inaimba. Kwa watoto inaimba. Mabula akishika asubuhi inaimba. Inanguruma akija baba tu. Mke mkubwa wa Mabula akatania: "Mzee, mikono yako ina umeme." Wote wakacheka. Baba hakucheka. Aliiweka ile redio chini taratibu, akaaga.

Baba anaamini mikono yake ina mkosi.

Leo binti yetu Edina kaja kutoka kwa mume wake na mtoto mchanga, amletee babu. Baba akarudi nyuma, akaficha mikono ndani ya koti. "Mwache kwa mama yake. Mimi nitamwangalia hivi hivi." Edina akadhani babu anaumwa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nikatoka nje nikamwaga.

Nilikuwa makini. Nilisubiri avuke ndipo niwashe, ili mvumo uonekane ni wa redio ya Mabula. Na kwa sababu nilisubiri avuke, ukaonekana ni wake. Nimemtengenezea baba yangu ushahidi kwa mkono wangu.

Inveta nimeirudisha dukani.

Alhamisi, 20 Juni

Baba haendi tena kwa Mabula. Kwa hiyo hata redio ikipona hakuna atakayejua imepona mikononi mwake. Anakaa nyuma ya kijumba, anaangalia migomba. Chakula anaacha nusu.

Nimemwambia, "Baba, nenda ujaribu tena. Itakuwa imetulia."

"Nisimwongezee mwenzangu hasara."

Nilitaka mambo yanyooke yenyewe bila mimi kutajwa. Mwoga. Nikawaza nikaungame kwa padre, yamalizike huko. Lakini padre hajaharibiwa redio. Padre hajaogopa kumpakata kitukuu chake.

Mabula kapita njiani na ng'ombe. Kaniuliza, "Mzee yuko wapi? Watoto wanamtafuta." Nikasema kapumzika.

Redio yangu sijaigusa wiki hii.

Jumapili, 23 Juni

Asubuhi, kabla ya kanisa. Navaa shati, naona dirishani baba anapita na mbuzi. Yule jike aliyekuja naye kutoka Ntobeye, mali pekee aliyokataa kuiacha kwa ndugu. Kamfunga kamba mpya. Anaelekea kwenye upenyo wa minyaa.

Nilimfuata na shati halijafungwa vifungo.

Mabula alikuwa zizini anakamua. Baba akasimama nje ya zizi. Hakusubiri hata salamu iishe.

"Mabula, mwanangu. Redio yako nimeiharibu mimi. Sijui kwa namna gani. Pokea huyu."

Mabula akaweka kibuyu chini. "Mzee, unanitukana au unanitania? Redio na mbuzi wapi na wapi?"

"Pokea."

"Sipokei."

"Pokea, nilale." Akamsogezea kamba.

Nikasema, "Ni mimi."

Wakanigeukia. Nikasema yote. Inveta, banda la kuku, waya, kuchungulia. Kwamba kwa fundi nilimtuma nikijua. Nikaendelea mpaka mwisho, maana ningenyamaza katikati nisingeanza tena. Mabula akauliza kwa nini. Nikasema wivu. Hakuna neno jingine, nimelitafuta sana.

Alinitazama. Ng'ombe naye kasimama, miguu imefungwa, anasubiri.

"Ng'ombe wangu akila shamba lako, mimi namfunga kamba," akasema. "Wewe, jirani, nikufunge wapi?"

Akachukua kibuyu akaendelea kukamua. Hakunitazama tena.

Baba aliangalia mikono yake, ndani, halafu nje. Akavuta mbuzi wake akarudi. Nilimfuata kwa mbali. Kwenye upenyo wa minyaa alisimama, nikadhani ananisubiri. Alikuwa anatoa kamba iliyonasa.

Kanisani sikwenda.

Jumatano, 26 Juni

Mabula kafungua waya wake kwenye mgrevilea wangu. Kachimbia mti upande wake, kaufunga huko. Alifanya mchana, mbele yangu, bila hasira. Nikasema pole na kazi. Akasema nimeshapoa. Hivyo tu.

Mama Edina nimemweleza mwenyewe. Nilitegemea matusi. Akasema, "Na mimi nilikutania nikidhani ni mzaha." Hanitanii tena. Nyumba imekuwa kimya.

Baba kamwita Edina. Mtoto kampakata tangu asubuhi hadi jua kali, hataki kumwachia mtu. Nilipita nikasema shikamoo. Marahaba. Macho kwa mtoto.

Jioni kavuka ua. Baada ya muda nikamsikia anacheka, na Mabula naye anapiga paja. Mimi nimekaa na redio yangu. Inveta imezimwa. Nilidhani nikisema ukweli wivu utaniachia. Bado upo. Umekaa hapa hapa kifuani. Tofauti ni kwamba sasa naujua sura, na sijainuka kwenda popote.

Ijumaa, 28 Juni

Marahaba tu. Siku ya leo nilimwekea chakula mwenyewe, nikampelekea. Alikula chote. Sahani karudisha kwa Mama Edina.

Mabula kanipungia mkono kutoka mbali, labda kwangu, labda kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nilipunga.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi nilikuwa naanika kahawa uani. Kuna ubaridi, moshi wa majiko umelala chini. Baba katoka kwenye kijumba chake, kaja mpaka nilipo. Nikamwamkia. Akaitika, lakini hakuondoka. Alisimama anaangalia kahawa, akageuza punje mbili tatu kwa kidole cha mguu.

"Jana umesikia redio?" akauliza.

Nilikuwa nimesikia. Jana nilikaa na Kirundi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikasema, "Jana nililala mapema."

"Basi yamekupita." Akaanza kunieleza. Kuna nchi huko imepata mafuriko, mto umeingia mjini, watu wamehama. Maji yalipopungua wakakuta ng'ombe juu ya paa la nyumba. Mzima. Anatafuna.

Mtangazaji alisema punda. Nilimsikia vizuri sana, alirudia mara mbili. Na hakusema habari ya kutafuna. Nadhani baba alimgeuza punda kuwa ng'ombe kwa ajili ya Mabula, halafu akabaki naye.

Zamani ningemsahihisha kabla hajameza mate.

"Ng'ombe wa namna gani, baba?"

"Dume," akasema. "Kubwa."

"Sasa walimshushaje?"

Baba akatazama huku na huku, akakaa kwenye gunia la kahawa, ili anieleze vizuri.