Meno Sabini na Mawili

Jumatatu, 3 Juni

Winchi imeamka! Tangu gia kubwa ivunjike, machimbo yalikuwa kimya kama nyumba yenye msiba, wanaume wazima wanazurura mtaani hawana la kufanya. Leo waya umevuta tena, toroli la kwanza la mawe limepanda kutoka shimoni, na watu wamempigia mume wangu makofi. Gia mpya kaichonga yeye pale karakana, jino kwa jino, kwa tupa na jasho. Amerudi mikono imepasukapasuka, anajifanya hamnazo — namjua, alikuwa anasubiri nimsifu. Nimemsifu. Anastahili.

Kitinda naye karudi kazini, chini shimoni. Mdogo wangu huyu, wa mwisho kwa mama yetu, ana mabega ya ng'ombe na akili ya ndama. Jioni wamepanda wenyewe ndani ya toroli badala ya ngazi. Wamekatazwa, na msimamizi anawaona, anageuza shingo. Kapita dirishani kwangu anapiga kelele: "Dada, shemeji ni injinia!"

Darasani nimeanza namba tasa. Zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mtoto mmoja kauliza zina faida gani maishani. Nikasema zinatoka kwenye mtihani. Jibu la kivivu, lakini nilikuwa na njaa.

Jumatano, 5 Juni

Kuna mlio. Shule iko juu tu ya machimbo, winchi tunaisikia kutwa, na ile ya zamani ilikuwa inanguruma basi. Hii inanguruma, halafu — ko! Inanguruma — ko! Watoto wameanza kugonga madawati kuufuatisha. Nimewafokea bure.

Nimemuuliza mume wangu tukiwa mezani. Kumbe siku gia kubwa ilipovunjika, gia ndogo inayoizungusha ilimegeka jino moja. Ya akiba hakuna. Ni kelele tu, anasema, haina neno.

Haya. Fundi ni yeye.

Alhamisi, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nimempelekea chakula karakana, alikuwa bado anapaka grisi, nikasubiri. Gia ya zamani imeegemezwa ukutani, vipande viwili. Mkono wa mwalimu hautulii — nikatoa chaki nikahesabu meno. Sabini na tatu. Nikarudia. Sabini na tatu. Namba tasa! Nilifurahi kama mtoto, nikawaza nitawaleta darasa zima waione.

Alipokuja nikamwambia. Akacheka. Yake ina sabini na mbili.

Kwa nini?

"Duara ni digrii mia tatu na sitini, Mwalimu. Gawa kwa sabini na mbili, unapata tanotano kamili, unapima huku unaimba. Sabini na tatu haigawanyiki, ningepimaje? Nimepunguza jino moja tu, nikasogeza ekseli kidogo, ikashika."

Nikauliza gia ndogo ina mangapi. Kumi na nane.

Kumi na nane inaingia kwenye sabini na mbili mara nne, hakuna baki. Yaani lile jino lililomegeka likizunguka linarudi kuuma meno manne tu. Yale yale, kuanzia asubuhi mpaka winchi inazimwa. Kwenye sabini na tatu lingekuwa linapishana kwa jino moja, likatembea gia nzima, kila moja likapata maumivu kidogo kidogo. Yule aliyeichonga ya kwanza hakukosea. Alikusudia.

Nilimchorea sakafuni. Hakubisha — mume wangu si mjinga, aliona kabla sijamaliza. Tukaenda kuitazama winchi ikiwa imesimama. Meno manne yanang'aa kama sahani iliyosuguliwa, mengine yote bado yana weusi wa chuma kipya. Kwenye shina la moja, ufa. Mwembamba kama unywele.

Tuliporudi karakana akafuta chaki kwa kiatu.

"Usimwambie mtu."

Jumamosi, 8 Juni

Tumegombana, tumepatana, tumegombana.

Nilimwambia aende kwa msimamizi asimamishe kazi. Akasema msimamizi alimuuliza waziwazi kama gia mpya ni sawa na ile, naye akajibu sawa kabisa. Akienda leo atafukuzwa, na hakuna karakana nyingine itakayomchukua fundi aliyeharibu winchi. Nikasema, na Kitinda je? Akasema chuma hakikatiki kwa siku moja. Nikasema ufa usipozibwa — akanikatiza, usinisomee methali nyumbani kwangu.

Halafu akakaa. Akafunika uso kwa ile mikono yake. Akasema atachonga nyingine, ya sabini na tatu, na Jumapili ya wiki ijayo winchi ikipumzika ataibadilisha. Ila hajui namna ya kuigawa.

Ninayejua ni mimi. Digrii za nini? Tumekata utepe wa karatasi sawa na mzunguko wa gia, nikachora mstari wa mshazari, nikahesabu hatua sabini na tatu kwa rula, nikazishusha kwenye utepe moja baada ya nyingine. Yeye ameshika ncha, mimi nachora. Mabega yaligusana. Saa nzima sikuogopa kitu. Utepe umekaa sawia, jino la mwisho limekutana na la kwanza.

Nimekubali kusubiri. Naandika hapa ili nijue kwamba nilikubali, sikulazimishwa.

Jumapili, 9 Juni

Kitinda kaja kula, kama kawaida yake amefika sufuria likiwa bado motoni. Nikamwambia akitoka shimoni asipande toroli, atumie ngazi.

"Ngazi zile za wazee, Dada. Au umeota ndoto?"

Neno la ufa nilikuwa nalo mdomoni. Mume wangu alikuwa anakata nyama, akasimamisha kisu, akaniangalia. Si kwa ukali. Afadhali ingekuwa kwa ukali.

Nikasema: "Panda ngazi tu, mwanetu. Kwa ajili yangu."

Akaahidi, mdomo umejaa. Kitinda huahidi kila kitu. Aliahidi pia kuoa mwaka juzi. Akamgeukia mume wangu, akampiga bega, "Shemeji, huyu mwanamke wako ana hofu!" — wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Jumatatu, 10 Juni

Sikulala ng'o. Asubuhi kabla ya kengele nimeteremka mwenyewe hadi ofisi ya msimamizi. Nimesimama mlangoni na maneno yote nimeyapanga: kumi na nane, sabini na mbili, ufa. Katoka na kikombe mkononi, mwenye furaha. Akasema nina mume wa thamani, kwamba amewaandikia wakubwa wamfanye fundi mkuu.

Nikasema ahsante.

Ahsante! Nikapanda kilima nikaingia darasani nikafundisha vigawo.

Mume wangu amefikisha meno kumi na matano ya gia mpya. Anachonga akimaliza kazi, mlango kaufunga, anasema anapanga vyombo. Macho yamemwiva. Nilitaka kumchukia, nikampikia chai.

Jumanne, 11 Juni

Naandikia darasani, watoto wana zoezi. Mlio umebadilika. Jana ilikuwa ko. Tangu asubuhi hii ni ko-ko, kama mtu anayebisha hodi na hajibiwi. Nimejiambia nikitoka hapa naenda kwa msimamizi, liwalo na liwe, mume wangu akifukuzwa tutauza mboga. Nimeamua kweli. Mapumziko ya mchana yakifika.

Msichana wa mbele kaleta daftari. Sabini na mbili: mbili mara mbili mara mbili, mara tatu mara tatu. Yuko sahihi. Anataka kujua kama inaweza kugawanyika zaidi ya hapo. Nimemwambia hapana, hapo ndipo mwisho wake.

Saa sita. Wanapandia chakula sasa hivi. Naisikia winchi inavuta, nzito. Ni mawe, au ni watu? Kitinda aliahidi.

Imenyamaza.

Haikupunguza mwendo kama inavyofanya toroli likifika juu. Imekatika tu, halafu kishindo, chaki imeruka kutoka ubaoni. Watoto wameinua vichwa. Nimewaambia endeleeni na zoezi. Nimesema hivyo kwa sauti yangu ya kila siku, na kalamu haijasimama, maana nikiiacha itabidi nisimame mimi.

Kutoka dirishani naona njia yote. Watu wanatoka majumbani, wanakimbilia shimoni, wanawake na wanaume. Mume wangu namwona pia, kichwa wazi, mikono myeusi ya grisi. Anakimbia.

Wote wanateremka. Yeye peke yake anapanda, anakuja huku, kwa dada wa Kitinda