Arusi ya Jalila Katika Jengo la Daktari Dama

Bofu, Likoni,
Mombasa.
3 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Najib,

Shikamoo. Natumai kile kifua kimepoa na Salalah inakuweka vizuri. Sisi hatujambo, ila goti langu limeanza ukaidi, na Ami Abdulaziz hasikii mpaka umpigie kelele, naye hudai sisi ndio tunaonong'ona.

Uliuliza hospitali ya Daktari Dama imekuwaje. Alipofariki, wanawe hawakuwa na haja nayo, ikafungwa. Kanisa likalikodi jengo, kisha likawa ghala la magodoro. Sasa amelinunua Wafula, yule aliyekuwa dereva wa malori Kipevu, akalifanya ukumbi wa arusi.

Pilau linapikwa palipokuwa dirisha la dawa, na wodi ya wazazi ndiyo chumba cha kupambia maharusi. Vigae vyeupe ameviacha, kwani vinasafishika. Jina watu hawajabadili. Utasikia fulani anaolewa sipitali na hakuna anayeshtuka.

Jalila naye kapachagua hapo. Marehemu mkeo Mishi alifia katika wodi ile ile siku ya kumzaa, kwa hivyo sikushangaa uliposema kwa simu kwamba hupakanyagi, huji, na Ami atamwozesha kwa niaba yako.

Nilimsihi binti yako atafute ukumbi mwengine. Akaniambia, “Shangazi, mama nimemjua kwa picha tu. Mahali tulipokuwa sote wawili ni mle.” Mimi niliyemlea niliumia kidogo, sikufichi. Baadaye nikaona hana kosa.

Nikahi itasomwa msikitini, Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Ukumbini ni mambo ya wanawake, huna kazi huko hata ungependa. Jalila anaomba usimame ng'ambo ya barabara tu, yeye atatoka akubusu mkono. Nimemwambia biarusi hatoki nje na mapambo yake, watu watatusema mwaka mzima. Hakunisikia.

Siku ile aliyozaliwa wewe ulikuwa makaburini ukimzika mamake, mimi ndiye niliyemtoa mle nimemfunika kwa leso yangu. Anasema safari hii akitoka anataka amkute babake nje.

Ami anakusalimu, na mume wangu Jafar, na jirani yetu Agneta ambaye bado anakuulizia. Mungu akulinde safarini, ukikubali kusafiri.

Dadako akupendaye,
Mwanamkasi