Nilisema Nina Mtihani, Shangazi Akaahirisha Safari

Mshauri wangu, nakuandikia nikiwa na hofu, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu jambo hili lilianza kwa neno moja tu, tena neno la kawaida, na mimi nilikuwa na nafasi ya kulisahihisha nikanyamaza.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Tanga, naishi Overport kwa shangazi yangu, ambaye hapa Durban watu wote wanamwita Mama Sultan. Nina shahada ya jiografia niliyoipata nyumbani, na hapa ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari, nalinganisha makaratasi ya makontena kutwa nzima, na sina malalamiko, ila mwaka juzi bosi aliuliza kikaoni ni nani kati yetu amesomea biashara, maana anatafuta mtu wa kusimamia mizigo ya Afrika Mashariki, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo napanga shahada nyingine, ya biashara. Nimepata chuo kinachofundisha kwa masafa, chenye utaratibu kwamba baadhi ya masomo si lazima uyahudhurie, unajisomea mwenyewe, unakwenda kufanya mtihani mmoja, na ukifaulu somo hilo linahesabiwa kuwa umelimaliza. Sijui kama utanielewa, mshauri, nikikwambia kwamba mpango huu umekuwa nyumba. Kuna nyumba ya zamani kule Glenwood, ina geti la bluu na veranda ndefu, wanafunzi wamepanga vyumba, na siku nyingine nikitoka kazini napanda taxi, daladala za hapa, ya kwenda huko badala ya ya kwetu, ili tu nipite mbele yake polepole. Masomo yangu yote nimeyapangia vyumba humo. Masoko nimeiweka verandani panapopita upepo, Usimamizi upo sebuleni, Takwimu ipo ghorofani kwenye mwanga, na Uhasibu nimeuweka uani katika kichumba ambacho sijawahi kukifungua. Kila mtihani ni mlango, nausukuma unafunguka bila kelele, napita, dirisha liko wazi, na kwa mbali naona winchi za bandarini zikigeuka taratibu kama zinafikiri. Nikiwa mle ndani sina hofu yoyote. Hofu inarudi nikishuka kwenye taxi.

Ofisini anayejua ni mmoja tu, Sonia, Mrundi ninayekaa naye meza moja.

"Chérie, hiyo nyumba iko nzuri," aliniambia, "lakini wewe unasimama tu inje. Iko siku utaingia?"

Nikamwambia bado najiandaa.

"Eish. Kujiandaa nayo iko kazi, basi omba wakulipe."

Ni kweli, mshauri. Mara mbili nimejiandikisha kwa mtihani wa kwanza, ambao ni wa Misingi ya Masoko, na mara mbili nimeahirisha. Nilipopata shahada ya kwanza ukoo mzima ulinipokea kwa vigelegele, mbuzi wakachinjwa, majirani wakajua, na mwisho wa yote nimekuwa karani, kwa hiyo safari hii nikishindwa nataka asijue mtu, na nikifaulu ndipo niseme.

Nilipojiandikisha mara ya tatu, jioni yake hofu ilinizidi. Nilimkuta shangazi jikoni akikunja sambusa zake za kuuza, nikasema, "Shangazi, nina mtihani mbele yangu, niombee."

Akaacha kukunja. "Mtihani gani, mwanangu?"

Machozi yakanitoka.

"Kama hujaweza kuutaja, usiutaje," akasema. "Mungu anaijua mitihani yote."

Hapo nikaelewa alichokisikia. Mimi nimesema mtihani wa masomo, yeye amesikia mtihani wa dunia, balaa limenipata. Ningeweza kucheka na kumweleza, lakini nikaona ni rahisi zaidi kuhurumiwa kuliko kutarajiwa, nikaenda chumbani.

Tangu siku hiyo siruhusiwi kuosha vyombo. Shangazi ameniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi, na mimi nikayanywa yale maandishi huku kitabu cha Masoko kimelala chini ya mto. Binamu yangu Sultan, ambaye ana duka la simu na hana subira, alinivizia mlangoni.

"Dada, huo mtihani wako una jina?"

"Sultan, niache."

"Wewe nipe jina tu na mtaa anaokaa. Nitakwenda kuongea naye kistaarabu."

Nikifunga mlango wanatembea kwa ncha za vidole, wanadhani nalia, na mimi nasoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma maishani, na kila ukurasa unaniuma.

Kisha shangazi akaniambia, "Jumamosi ya wiki ijayo tutakufanyia kisomo." Nikadhani amegundua na ananitafutia watu wa kunisomesha, kumbe ni kisomo cha dua, wenzake watatoka mtaa wa Bluff na mimi nitakaa katikati. Ni asubuhi ile ile ya mtihani wangu. Na mshauri, naona aibu kuandika haya, lakini nilifurahi. Nilipata sababu ya kuahirisha ambayo hakuna mtu angenilaumu.

Ningekaa na furaha hiyo kama si jambo la jana. Dada yake Sultan aliyeolewa Tanga anajifungua mimba yake ya kwanza mwezi huu, na shangazi alikuwa asafiri Jumatatu baada ya kisomo, akae naye mpaka arobaini itimie. Jana amesema hasafiri tena. Nikamuuliza mzazi atamwachia nani.

"Mzazi ana watu wa kumkanda kule," akasema. "Wewe huku una nani?"

Ijumaa anakwenda kubadilisha tiketi. Nikimwambia ukweli ataniona mwongo, na atajua kuna mtihani, na nikianguka atajua nimeanguka. Nikinyamaza, mjukuu wake wa kwanza atazaliwa yeye akiwa jikoni kwetu ananichemshia uji. Nifanye nini?

Karani mwenye hofu, Overport

MSHAURI ANAJIBU

Karani, nimeiweka barua yako mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Ijumaa. Nilikuonea huruma mwanzo wote, hata geti la bluu nikalipenda. Ulipofika kwenye mjukuu huruma ikaniishia.

Tuanze na neno. Mama Sultan hakukosea Kiswahili. Alikuuliza wazi, mtihani gani? Hilo lilikuwa swali la kwanza la mtihani wako na uliliacha bila jibu. Lakini pia hakusikia vibaya kama unavyodhani. Alimwona mtoto wa kaka yake analia jikoni, akajua hapa kuna mzigo, na mzigo kweli upo. Mtu hamwagi machozi vile kwa ajili ya Misingi ya Masoko peke yake. Unalia kwa sababu uliwahi kupokewa kwa vigelegele ukaona umewaangusha. Binti, hukumwangusha mtu. Una kazi ya halali katika mji usio wako.

Sentensi niliyoirudia kuisoma ni ile uliyosema ulifurahi. Hapo ndipo penye ugonjwa. Nyumba yako ni nzuri, lakini humo ndani huna hata kiti, maana kila mlango umeufungua ukiwa umekaa kwenye taxi. Sikukatazi kuota. Nakukataza kumfanya shangazi yako alipie ndoto kwa kumkosa mjukuu.

Sasa masomo, maana wewe ni mtu makini na utataka utaratibu. Kabla hujajiandikisha mtihani mwingine wowote baada ya huu, kiandikie chuo chako na uombe majibu ya maandishi: ni masomo gani ya shahada yako ya kwanza watayahesabu, maana mtu wa jiografia huenda Takwimu ameshaisoma na wewe unataka kuifanya upya, ni mitihani ipi wanaipokea, kwa kuwa kila chuo kina kikomo chake, na ni masomo yapi lazima uyasome kwao. Muulize na bosi wako kama anataka shahada nzima au cheti kifupi kinamtosha. Mwaka juzi aliuliza swali, wewe ukaenda kujenga nyumba bila kumjibu. Na Uhasibu usiukimbie kwa kuuruka. Somo unalolijua lifanyie mtihani, somo unaloliogopa litafutie mwalimu. Hicho kichumba cha uani kinahitaji mtu wa kukushika mkono, na si aibu.

Kuhusu shangazi, mwambie leo, kabla sambusa hazijaisha kukunjwa. Usianze na hotuba. Mwambie, "Shangazi, mtihani wangu ni wa chuo, nilinyamaza kwa woga, nisamehe." Atakasirika. Huenda akukumbushe lile kombe. Mwache amalize, kisha shika kitambaa uoshe vyombo, vya leo na vya siku zote ulizodekezwa. Sultan mpe jina analolitaka: anaitwa Masoko, akaongee naye kistaarabu.

Tiketi isiguswe. Kisomo nacho kisifutwe, kisogezwe alasiri, na wale akina mama wa Bluff wamwombee mzazi wa Tanga, ambaye mtihani wake hauahirishwi. Wewe asubuhi utakuwa umekaa mbele ya maswali yako. Ukirudi hutakaa katikati. Utapita na sinia la chai.

Unaogopa kwamba ukianguka watajua. Ndiyo, watajua, na watakuuliza unarudia lini, na hilo ndilo jambo lililokosekana mara zote mbili ulipoahirisha peke yako.

Kuna mwanamke aliyekuwa tayari kutompokea mjukuu wake wa kwanza kwa ajili ya mtihani huu, bila hata kujua ni wa nini. Mwache aende Tanga. Wewe nenda ukaufanye.