Maji ya Baba

Ogașu wa Juu,
14 Septemba 1998

Kaka yangu Pătru,

Pokea salamu zangu, za mume wangu na za binti yetu Lia, kisha uzigawe kwa wifi na watoto hapo Torino. Mgongo wako umepata nafuu, au bado wanakubebesha saruji? Sisi huku tu wazima wa mwili. Miplamu imezaa hadi matawi yanavunjika, na wa kuchuma hakuna.

Juzi tulimwachia Baba maji yake. Lia ndiye aliyewagawia majirani maji kwa ndoo, nyumba kwa nyumba, tangu tulipomzika, ili Baba asione kiu huko aliko. Majirani walimpokea vizuri, ingawa wengine walimtania kwamba babu yake angeshukuru zaidi kama ndoo ingejaa pombe ya plamu. Likabaki jambo la mwisho tu, kusimamisha mshumaa kwenye kata ya kibuyu na kuiachia iende na mto.

Lakini iende wapi, kaka? Tangu wajenge ukuta wa bwawa kule chini, Danubi yetu haina safari. Imetuama juu ya mji wa zamani, juu ya soko na forodha na ule uwanja ulimokuwa ukichubuka magoti. Watu huachia kata zao gatini, upepo unazirudisha ufukweni, nasi tunajifanya hatukuona.

Maneno yako ya kwenye simu sijayasahau. Ulisema mwanamume aliyekataa kulala kando ya mkewe, akaomba azikwe peke yake ukingoni mwa makaburi, hastahili machozi ya wanawe. Ukasema kama alimtaka Saveta, basi Saveta na amzike. Ukakata simu, na hukuja. Sikukulaumu. Nafasi ya kando ya Mama tumeitunza miaka yote, na mji mzima ulijua kwamba Baba na jirani yetu huyo hunong'onezana kaburini kila Alhamisi Kuu tunapowawashia wafu moto. Mgane na mjane wakinong'ona, nani atadhani wanazungumzia bei ya ngano?

Basi juzi Saveta alitukuta gatini, akasema kata isiachiwe pale, tupige makasia mpaka juu ya makaburi ya zamani. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu vibaya. Nilimwambia hakutosheka naye akiwa hai, sasa anataka kutembezwa naye kwa mashua. Hakukasirika. Alimtuma Lia akaombe kiberiti kwa wavuvi, kisha akaniambia, "Nitukane, mwanangu, ukimaliza unisikilize. Mama yako hayuko kule juu."

Unakumbuka tulivyohama. Kila familia ilifukua wafu wake, ikaosha mifupa kwa mvinyo, ikaifunga kitambaa cheupe na kuipandisha mlimani kwa lori. Mimi na wewe tulibakizwa langoni pamoja na padri. Kwenye kaburi la Mama walikuwa Baba na Saveta, aliyeshika jagi la mvinyo. Walipofikia mifupa walikuta mabuti ya kiume yenye chuma kisiginoni.

Saveta anasema mafuriko yaliyotangulia kuhama kwetu yaling'oa misalaba ya mbao, na watu wakairudisha kwa kukisia. Baba alichimba huku na huku mpaka mikono ikatoka damu, na Mama hakuonekana. Malori yalikuwa yanapiga honi na maji yalikuwa yanapanda. Ndipo alipogeuka akatuona langoni, wewe umeshika maua. Alimwambia Saveta amimine mvinyo. Wakamwosha yule mtu kama wa kwao, na Baba akamwapisha Saveta anyamaze, kwa kuwa watoto wamekwisha kupoteza mji, wasipoteze na kaburi.

Walichokuwa wakinong'ona ni hicho tu. Kila mwaka Baba aliuliza kama wakati wa kutuambia umefika, na kila mwaka wakaogopa. Mwishowe alimwomba aseme siku ya maji yake.

Kaka, nilipanda mpaka kaburini kwa Baba nikasimama pale ukingoni alipopachagua. Panaonekana maji yote yaliyofunika makaburi ya zamani. Hakumkimbia Mama. Alisogea karibu naye kadiri alivyoweza. Inaniuma kwamba ulipokata simu jeneza lilikuwa bado sebuleni, nami sikuwa na neno la kukurudisha.

Kata tuliiachia huko katikati ya maji, alikotuambia Saveta. Haikwenda popote, ilikaa palepale mpaka mshumaa ukaisha.

Njoo Alhamisi Kuu. Tutamwashia Baba pale ukingoni, kisha tutampelekea moto na yule wa mabuti, maana huku juu hana mwingine ila sisi. Nawabusu wifi na watoto. Saveta naye anakusalimu, na ananisihi nikuulize kama utaipokea salamu yake.

Ndimi dada yako,
Zamfira