Mtoto Analilia Jina

Mpendwa Mjomba Mkude,

Shikamoo. Marahaba yako nitaipokea siku nikifika huko, wala sina haraka. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi nilipanda Matombo kumpa mtoto jina, mimi, kwa cheo chako. Neema, binti wa dada yangu, amejifungua mtoto wa kiume, na kwetu Waluguru jina linatoka kwa mjomba. Neema hana kaka, basi zamu ikaniangukia mimi na magoti yangu mabovu. Ile barabara iko vilevile ulivyoiacha.

Nilipokuwa narushwarushwa ndani ya gari nikaikumbuka hadithi uliyokuwa unanisimulia tukishuka na mikungu ya ndizi, hadithi ya siku yangu mimi. Nimezaliwa, nalia, sibembelezeki, wazee wakasema mtoto analilia jina. Ukakaa kwenye kigoda ukaanza kuyataja majina ya ukoo taratibu. Banzi. Nalia. Kobelo. Nalia zaidi. La kwako ulikuwa umeliweka mwisho kwa adabu. Ile unafungua mdomo useme Mkude, baba akaingia. Balozi wa nyumba kumi, katoka mkutanoni, hotuba bado imo kichwani, akatamka kwa sauti ya jukwaani: "Azimio!"

Nikanyamaza. Watu wakapiga vigelegele, baba akavimba kifua, ikawa imekwisha.

Wewe tu ndiye uliyekuwa umekaa upande wa mama, ukaona. "Ziwa," ulikuwa unaniambia, na unautua kabisa mkungu chini ili unieleze vizuri. "Mama yako alikupa ziwa wakati uleule. Baba yako angesema Karai, ungenyamaza vilevile, leo ungekuwa unaitwa Karai." Mama alipoulizwa alicheka tu, akasema mtoto alikuwa na njaa.

Tangu hapo hukuniita Azimio hata siku moja. Uliniita mpwa, uliniita wewe, na ukiudhika uliniita mtoto wa balozi. Ukitaka nije na niko ng'ambo ya bonde, ulipiga mluzi. Mbwa wako naye alikuja, tukawa tunafika pamoja.

Lakini baba hakuwa peke yake, Mjomba, haki ya Mungu. Ilikuwa ndiyo miaka yenyewe. Kinachotangazwa redioni leo, kesho kimebebwa mgongoni. Darasani kwetu Azimio tulikuwa wengi mpaka mwalimu akatugawa: Azimio Mrefu, Azimio Kengeza, na mimi Azimio wa Ndizi. Kulikuwa na Mapinduzi, mpole kuliko kondoo. Kulikuwa na Ushirika, ambaye hakumgawia mtu muhogo wake hata kipande. Kulikuwa na Mwenyekiti, na mwalimu alikuwa anaangalia dirishani kwanza kabla ya kumchapa. Yule jirani wa bondeni alimwita bintiye Sukari, kwa kuwa alizaliwa siku sukari ilipofika duka la kijiji, na aliyemfuata akaitwa Foleni. Padre akawapa wote majina ya watakatifu juu yake, na hakuna aliyeyakumbuka. Wewe ulikuwa unakaa unasikiliza wanavyoitwa, unatikisa kichwa. "Bado Ajenda," ulisema. "Huyo naye yuko njiani."

Ulicheka, lakini lilikuuma. Nililijua siku zile unaumwa, nimekuletea uji, ukaniambia, "Mpwa, nikiondoka mimi, hakuna atakayeitwa Mkude humu uani akaitika." Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni. Nililia sana, Mjomba. Na tangu umeondoka dada zangu wakazaa wasichana watupu, kama vile wamepatana.

Basi Jumamosi nikakaa kwenye kigoda chako. Mtoto analia, nyumba imejaa. Mume wa Neema, kijana mstaarabu anayefundisha chuo huko mjini, akaniomba kwa heshima zote niruhusu aanze yeye. Akatoa simu. "Brayan," akasema. Mtoto akalia. Nikamuuliza maana yake nini. Akasoma, akasema, "Kilima, mjomba. Ni jina la Ulaya." Nikatazama mlangoni, milima ya Uluguru yote imekaa pale mbele yetu. Naye akatazama. Akairudisha simu mfukoni polepole.

Nikaanza yetu. Banzi, analia. Kobelo, ndiyo kwanza anakunja ngumi. Nikaona wazee wanaangaliana, na kijana wa watu mkono unarudi mfukoni. Likabaki lako. Mjomba, niliogopa. Nilijua nikilitaja akalia, limekwisha, nimelizika kwa mdomo wangu mwenyewe na kijana atarudi na vilima vyake. Nikamtazama Neema. Ile hadithi ya ziwa nimemsimulia tangu yuko chekechea, tena na mkungu wa ndizi nautua chini kama wewe. Neema akafungua kanga.

Nikavuta pumzi, nikasema, "Mkude."

Kimya, Mjomba. Kimya mpaka tukasikia kuku wanaparua nje. Halafu vigelegele, na mume wa Neema naye anapiga makofi, anasema haya mambo ya mila yana ukweli kumbe. Dada yangu alikuwa amekaa upande wa Neema, aliona. Alinitazama, akauma upindo wa kanga asicheke, nikaona anafanana na mama kupita kiasi. Nimeanza kumshuku mama na ile njaa yangu.

Sasa pumzika. Usihangaike tena na kupiga mluzi, kuna mtu wa kuitika. Niliondoka jioni, nikapita kwa Neema kuaga. Nimemwacha Mkude ananyonya.

Ni mimi mpwa wako,
mtoto wa balozi.