Ng'onda Wetu

Mama, assalaam aleikum.

Nimerudi mara moja kuchukua nguo za Manar, amelazwa. Mchuzi uko jikoni, upashe moto tu. Udi usifukizwe tena humu ndani, hata Ijumaa. Na usinune: kinachomuumiza si husuda ya watu, ni mapafu.

Asubuhi daktari aliniuliza, "Ukimbusu mtoto, husikii chumvi?" Nikacheka. Nikamwambia bibi yake humwita Ng'onda, kama samaki mkavu, kwa kukonda na kwa chumvi hiyo hiyo. Yeye hakucheka. Akaagiza apimwe jasho. Jasho limekutwa na chumvi kupita kiasi. Ni maradhi aliyozaliwa nayo, adimu huku kwetu; makohozi mazito humganda kifuani. Dawa zipo, na atapigwapigwa mgongo kila siku yatoke, lakini kupona kabisa hakuna. Miaka yote hii tunamtibu pumu, kumbe midomo yako ilishajua.

Mto wake wa manjano sikuuona; mwambie babake autafute, amletee. Hulala nao.

~~Usimwite tena Ng'onda.~~

Nimelikata hilo. Mwite, Mama, na umcheke vile vile. Ukiacha, atajua.

Mamake Ng'onda