Mia Iliyokuwa Sabini na Sita

Alhamisi, saa kumi jioni. Mawingu mazito, mvua bado haijaamua. Mlima hauonekani, na leo sijautafuta.

Shajara yangu ya mtandaoni, nimekutupa wiki tatu na sina udhuru. Mtandao ulikuwa unakatika, ndiyo, lakini hata uliporudi sikuwa na la kusema. Tangu hawa wenye bunduki waingie hapa Goma nimekuwa kama mguu uliokaliwa: upo, lakini hauhisi. Watu wananiuliza habari, nasema nzuri. Nakula, nalala, naamka, naenda kunyanyua chuma.

Chuma tu ndicho sikuacha.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nilikuwa dereva wa barabara ya Rutshuru. Nilipita Kibati na Rumangabo kila siku hadi barabara ikafungwa, na sasa natengeneza simu kwenye meza ndogo nje ya duka la mtu. Naishi na mama yangu, wawili tu. Nyonga zake zilimwacha zamani. Anapika akiwa amekaa kwenye kigoda, ila hatembei, na jirani yetu Mama Furaha ndiye anayemwogesha na kumsogeza, akisaidiana na binti zake.

Mlima ulipotapika moto, miaka kadhaa iliyopita, kisha ardhi ikawa inatetemeka kila saa, tuliambiwa tuondoke mjini. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwambia mama anishike shingo, nikajaribu kusimama. Sikusimama. Mara ya pili tulianguka wote wawili, mbele ya majirani waliokuwa wanafunga magodoro yao. Wabebaji wawili wa viazi wakashusha magunia, wakampandisha kwenye chukudu yao, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, wakamsukuma hadi mji wa Sake. Mimi nilifuata nyuma nimebeba sufuria. Njia nzima ni yeye aliyekuwa ananifariji.

"Usisikie haya, mutoto wangu. Mama yako iko muzito."

Tuliporudi, zahanati walimpima wakakuta kilo themanini na nane. Namba hiyo ilinikaa kichwani. Nikaweka nadhiri kwamba sitajaribu kumwinua tena hadi niweze kunyanyua mia kutoka chini. Themanini na nane ni za mama. Kumi na mbili zilizobaki ni za woga wangu.

Ndipo nikaanza kwenda uani kwa Papa Rajabu, fundi makanika. Chuma chake ni shafti ya lori, kilo ishirini kamili. Vyuma vya pembeni si vyuma hata kidogo. Ni saruji aliyoimwaga kwenye ndoo iliyokatwa, akaipaka rangi na kuandika 20.

Nina sharti moja: nguvu zipande, mwili usionekane. Si mambo ya urembo. Wenye bunduki wakifunga mtaa kupekua nyumba, mwanamume mwenye mabega huulizwa maswali mengi kuliko wengine. Jeshi gani? Ulikuwa unapigana wapi? Kuna wawili tuliokuwa tunanyanyua nao kwa Papa Rajabu, vifua vimejaza shati, walipandishwa lori mchana kweupe na hatujawaona tena. Kwa hiyo mimi nanyanyua siku tatu kwa wiki, mara chache, uzito mkubwa, napumzika sana katikati. Kipimo changu ni suruali ya kahawia niliyovaa siku ile ya mlima, mkanda tundu la tatu. Ikibana napunguza bugali, ikilegea naongeza sambaza, wale dagaa wa ziwani wa soko la Kituku. Watu wananipa pole wakidhani naumwa. Katika mji huu, mtu akikonda anaombewa dua.

Ili nipime vizuri, niliomba niwe napakuliwa sahani yangu peke yangu. Kwetu tulikuwa tunakula sinia moja tangu nizaliwe, marehemu baba yangu, mzaliwa wa mji wa Kasongo, hakujua kula namna nyingine. Mama alinitazama kidogo, halafu akasema sawa. Tangu siku hiyo nikirudi nakuta sahani yangu imefunikwa, sambaza wamejaa, maharagi yamejaa. Yeye ameshakula. Mimi naondoa bugali, nakula vilivyobaki, nashukuru.

Basi, leo asubuhi nilinyanyua mia. Shafti na vipande vinne. Nilikwishaiinua mara moja wiki iliyopita nikadhani ni bahati. Leo nimeiinua mara tatu, mgongo umenyooka, pumzi ipo. Papa Rajabu akapiga makofi. Nilisubiri furaha ije. Haikuja, nikasema labda iko njiani.

Iliyokuja ni kicheko. Nyuma ya ukuta wa Papa Rajabu kuna depo ya maharagi, na mbebaji mmoja wa depo, mwembamba kama fito, alikuwa amesimama mlangoni anapumzika. Akaja, akaishika shafti, akainua mia yangu kama mtu anayeokota ndoo, akaishusha.

"Hii haifike gunia, papa," akaniambia. "Gunia la mia mi nalijua na mugongo."

Papa Rajabu alikasirika kweli. Alibeba kipande kimoja mwenyewe hadi kwenye mizani ya depo. Mizani ikasema kumi na nne. Akabeba cha pili. Kumi na nne.

"Balansi yenu iko mubaya!"

"Balansi iko muzuri. Ulichanganya saruji na majiwe gani?"

Majiwe gani tena. Tuna mawe ya aina moja tu hapa, yale meusi yaliyoachwa na mlima, kila ukuta wa mji huu umejengwa nayo. Papa Rajabu alikuwa amepima ndoo kwa saruji, mchanga na kokoto za mtoni, zamani, kwa kazi nyingine, ikatoa ishirini. Alipokuja kumwaga vyuma vyetu akatumia kokoto za nyuma ya nyumba, na kokoto zetu zina matundu kama mkate. Ndoo ileile, ujazo uleule. Hakupima tena. Nani hapa angefikiri kupima jiwe la Goma?

Shafti ishirini, vipande vinne vya kumi na nne. Miaka yote hii mia yangu ilikuwa sabini na sita.

Sikukasirika. Nilimwambia Papa Rajabu si kitu. Nilivaa shati langu kubwa nikatembea kurudi nyumbani, na kichwani nilikuwa napiga hesabu tu: kutoka sabini na sita hadi themanini na nane, kwa mwendo wangu, ni mwaka mwingine. Sawa, mwaka mwingine. Hata huzuni sikuiona.

Sijafika mlangoni, milio ya mabomu ikaanza upande wa Kibati. Mizito, ile inayotikisa mabati. Tunajua la kufanya: nyumba yetu ni ya mbao, kwa hiyo tunaingia jikoni nyuma, kwenye ukuta wa mawe, tunakaa chini hadi iishe. Siku zote Mama Furaha na binti zake ndio wanaomsogeza mama. Leo walikuwa wameenda Kituku kununua samaki.

Mama alikuwa kitandani, amejifunga vitenge viwili na shali juu. Aliniona ninavyomtazama.

"Acha, mutoto wangu. Utajiumiza tena. Ngoja Mama Furaha."

Mlio mwingine. Nikapiga magoti. Nilikuwa najua kabisa kuwa sitaweza, mizani ilikuwa imeniambia saa moja tu kabla. Nikapitisha mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, nikavuta pumzi kama ninavyovuta uani, nikajikaza kwa themanini na nane.

Nusura nimrushe.

Alipanda hivi hivi. Nilisimama katikati ya chumba nimembeba, na mikono yangu, ambayo haijui kitu kingine duniani ila sabini na sita, ikanieleza kwamba hizi si sabini na sita. Wala hazikaribii. Ndani ya vitenge vile viwili kulikuwa na mifupa.

Nikampeleka jikoni, nikamkalisha kwenye mkeka, nikakaa pembeni yake. Milio iliendelea. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Umeweza," akasema. "Uliona? Umeweza!"

"Mama, unakulaka?"

"Nakulaka."

"Unakula nini?"

"Ile inabakia."

"Na kama haibakie?"

Akanishika bega, akalibinya kama mtu anayechagua parachichi sokoni, na uso wake ulikuwa wa fahari tupu.

"Mutu wa chuma anapaswa kula," akasema.

Hapo ndipo mguu uliokaliwa ulipoanza kuchoma. Nililia, shajara. Mwanamume mzima, mgongo kwenye ukuta wa mawe, nikilia kwa sauti, na mama akadhani ni mabomu, akawa ananituliza kwa aya alizonifundisha nikiwa mdogo. Nilijiona mwizi. Kila sambaza niliyemhesabu kwa ajili ya misuli yangu alitoka mdomoni mwake, na bugali niliyoondoa ili nisinenepe ndiyo huenda ilikuwa chakula chake cha usiku. Na nisingejua. Nilikuwa nimeapa nisimguse hadi namba itimie.

Milio ilinyamaza saa nane. Mama Furaha amerudi, nikamuuliza, akainamisha macho. Anamwogesha, alikuwa anajua. Mama alimkataza kusema.

Sasa maharagi yako jikoni. Nimetoa sinia ya baba juu ya kabati, nimeifuta vumbi, nimeiweka katikati. Sahani yangu nimempa Mama Furaha alishie kuku. Mama amelalamika kwamba sinia ni kubwa mno kwa watu wawili. Nimemwambia tutaijaza. Sitaondoka mbele yake hadi amalize, na kesho vilevile, suruali ya kahawia ifanye itakavyo.

Jumamosi nitarudi kwa Papa Rajabu. Nitamwambia afute zile 20 aandike 14, nami nianze upya kutoka sabini na sita, taratibu, bila nadhiri yoyote. Bado natakiwa kufika themanini na nane. Nataka mama arudi kwenye kilo hizo kabla yangu. Nataka siku moja nipige magoti mbele yake, nijikaze kwa nguvu zangu zote, na nishindwe.